Kidumu cha Petroli Kilichorudi Kimejaa

Vijana wangu, mnanicheka nikisema nimestaafu. Jumapili iliyopita, pale nje ya kanisa, mlicheka mpaka mmoja wenu akajimwagia chai. "Aunti Wakesho, mtu anastaafu na miaka thelathini na nne?" Ndiyo, anastaafu. Mgongo wangu ulistaafu kwanza, nami nikaufuata. Miaka tisa niliendesha gari la kuokoa madereva waliokwama barabarani hapa Birmingham: betri zilizokufa, magurudumu yaliyopasuka, funguo zilizofungiwa ndani, na watu walioamini kwamba ile taa ya manjano ya mafuta huwa inatania.

Mlipomaliza kucheka mlifungua buti la gari la mmoja wenu ili mnipe sufuria yangu. Simtaji, anajijua. Chini ya sufuria, kando ya koti la kazi, niliona chupa ya maji ya lita tano, na ndani yake si maji. Nikauliza. "Ni ya dharura tu, Aunti. Nikiishiwa njiani nikienda kwa wazee ninaowatunza." Nikaketi kwenye ukingo wa barabara. Mlidhani ni mgongo. Haukuwa mgongo.

Tuliimwaga wapi ile petroli, mnajua. Tuliipeleka panapopokelewa taka za hatari, sikuwaachia mmwage kwenye mtaro. Lakini sikuwaeleza kwa nini niliketi vile. Nimeanza barua hii mara kumi na moja. Kila mara sentensi ya kwanza hainiridhishi, naifuta. Ndivyo nilivyo: nisipokamilisha jambo silali, na nikilikamilisha naamka kulikagua. Leo nimejiambia niandike hata kama si kamili, maana ninayotaka kukiri yanahusu huo ukamilifu wangu.

Kazi hii sikuisomea chuoni. Nilijifunza kwa video, kwa kuuliza maswali ya kijinga, na kwa kuchoma vidole. Nililelewa Voi, na kwetu petroli ya pikipiki niliiona ikiuzwa kwenye chupa za soda, zimepangwa mezani kama sharubati. Hakuna aliyeshtuka. Kwa hiyo wiki yangu ya kwanza kazini, nilipotumwa kwenye kituo cha mafuta na jerikeni, nilifanya kama mtu aliyelelewa vyema: niliijaza mpaka ikafurika. Kwetu kipimo kisichofurika ni matusi. Mwuza maharagwe asipokuongezea kidogo juu ya kopo, humrudii tena.

Aliyekuwa ananifunza ni mzee mmoja wa mtaa wa Castle Vale aitwaye Ron, mwenye masharubu ya rangi ya moshi na ulimi mkavu. Alitazama jerikeni ile, akanitazama mimi.

"Umealika wageni?" akaniuliza kwa Kiingereza chake cha huku, kile kinachovuta maneno kama mpira.

"Nimejaza vizuri," nikasema.

"Umejaza vibaya. Petroli ikipata joto inavimba. Isipokuwa na nafasi ya kupumua itajitafutia yenyewe, na wewe utakuwa umeketi nayo."

Kisha akaniuliza niliiweka wapi nilipokuwa najaza. Nikasema ndani ya buti, ili nisichafue chini. Ron akavua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena. Nilidhani atanifukuza. Akanieleza taratibu kwamba petroli ikitiririka huzaa umeme mdogo, kama ule unaokushtua ukivua sweta, na jerikeni iliyokaa juu ya zulia la buti haina pa kuupeleka. Cheche moja inatosha. Jerikeni huwekwa chini, kwenye sakafu ya kituo, na mdomo wa pampu hugusana na mdomo wa jerikeni muda wote unapojaza. Pole pole. Bila simu mkononi, bila haraka.

Tangu siku hiyo nikawa hodari kupita kiasi. Hodari wa kuchosha, nawaambia ukweli. Ningekutana na mtu kwenye harusi nikamweleza kwamba jerikeni ya plastiki hapa haizidi lita kumi, na ya chuma haizidi ishirini, na hata hizo si lazima uzijaze. Kwamba inunuliwe ikiwa imeandikwa wazi kuwa ni ya petroli, yenye alama ya moto, na kifuniko chenye mpira wake. Kwamba huku ya kijani wengi huitumia kwa petroli na nyeusi kwa dizeli, lakini usiamini rangi peke yake, soma. Kwamba isimame wima ndani ya buti, ifungwe kwa mkanda isicheze, isikae kamwe kwenye viti mnavyokalia, wala isisahaulike ndani ya gari siku ya jua. Na kwamba lililo bora kuliko yote ni kubeba jerikeni tupu, mpya, ambayo haijawahi kutiwa kitu, na kuijaza siku utakapokwama. Bibi harusi alinisikiliza kwa heshima. Keki ilikatwa bila mimi.

Nilikuwa na jerikeni yangu mwenyewe ya lita tano, ya kijani. Ilikuwa na kitambaa chake. Ilikuwa na mfuko wake. Faneli yake niliisuuza na kuikausha kila Ijumaa. Nikimaliza kuitumia niliifuta mpaka kwenye mikunjo ya mpini. Wenzangu kazini waliiita "mtoto wa Wakesho", na mimi nilifurahi kimoyomoyo. Sikumwazima mtu. Vitu vya kuazima hurudi na mikwaruzo.

Sasa nafika pale nisipotaka kufika.

Mama Solange mnamjua, yule wa kutoka Bukavu anayeimba sauti ya tatu kwenye kwaya na kuwashika nyote msipotee. Wakati huo tulikuwa majirani mtaa wa Stechford, barabara moja katikati yetu. Alikuwa mgeni kwenye kazi ya kutunza wazee majumbani na gari lake lilikuwa la kuombewa. Asubuhi moja, mimi nikiwa nafunga viatu niingie zamu, alikuja mlangoni anahema.

"Dada Wakesho, gari imekufa pale ku kona. Essence imeisha. Na muzee wangu wa Winson Green anangoja dawa yake. Nikichelewa tena, kazi itaenda."

Nilikuwa na petroli, hiyo essence yake, kwenye jerikeni ya kijani. Nilikuwa na dakika tano. Ningeweza kumpa jerikeni akaenda nayo. Ningeweza kuchelewa zamu, nikaenda naye. Nilimtazama mikono, ilikuwa na grisi, maana alikuwa amefungua boneti kujaribu bahati. Nikaiona jerikeni yangu ikirudi na alama za vidole vile, au isirudi kabisa.

Nikaenda kwenye pipa la chupa za kutupa. Palikuwa na kidumu cha mafuta ya kupikia cha lita tano, mama yangu alikuwa amekimaliza wiki ile. Nikakikung'uta, nikamiminia petroli humo, nusu yake hivi, nikampa na faneli ya zamani.

Mimi. Yule wa harusini.

"Ni hapo kona tu," nikajiambia. "Dakika tano." Hayo ndiyo maneno yenu ya "dharura tu", wapendwa. Ni maneno yale yale, yamevaa kanzu nyingine.

"Aksanti, dada. Nitakurudishia," akasema.

"Usijali," nikasema, kama mtu mwema.

Sasa mnajua, na hata waliozaliwa hapa wanajua kwa kuwaona mama zao: chombo cha watu hakirudishwi kitupu. Ukiletewa ndizi kwenye bakuli, bakuli linarudi na maandazi. Ukiazima kikapu, kinarudi na hata limau moja. Kwa Mama Solange hiyo si adabu ya hiari. Ni utu. Sikulifikiria hilo. Nilifikiria alama za vidole kwenye plastiki ya kijani.

Baada ya wiki mbili hivi ilikuwa Jumamosi. Mama yangu, aliyekuja kutoka Voi kukaa nami, alikuwa amejitolea kukaanga mahamri ya kanisa zima. Jambo moja kumhusu mama: ule ugonjwa uliotufungia sote ndani ulimwachia afya lakini ukaondoka na pua yake. Hanusi kitu. Unaweza kuunguza wali mbele yake naye anaendelea kukueleza habari za wajomba.

Mimi nilikuwa kazini Castle Vale, nimemaliza kubadilisha gurudumu la bwana mmoja, naketi kwenye gari nisome simu. Palikuwa na ujumbe wa sauti kutoka kwa Mama Solange, wa saa moja nyuma, na picha.

"Dada Wakesho, nimepita kwako, naenda kazi, sikupiga hodi sababu niko na haraka. Bidon yako nimekuwekea ku mlango. Niliazima ile ya kijani ya muzungu wa pembeni, nikanunua essence muzuri, nikaitia ndani ya bidon yako, sababu kintu ya mutu ni kintu ya mutu. Na nimejaza, dada! Haiwezi rudia bule."

Nikafungua picha. Kidumu cha mafuta ya kupikia, na karatasi yake ya alizeti, kimesimama kwenye ngazi ya mlango wangu, kimejaa mpaka shingoni. Rangi ya dhahabu hafifu. Kizuri kabisa. Chupa yoyote ya mafuta ya kupikia inatamani kupendeza vile.

Nilimpigia mama. Simu ikalia mpaka ikakata. Nikapiga tena. Ikalia. Nilijua kwa nini: mikono imo kwenye unga.

Ninawaambia jambo ambalo sijawahi kuliandika. Nilipaswa kupiga simu ya wazima moto pale pale. Namba ni tisa tatu tu, hata mtoto anaijua. Niliiandika kwenye simu. Sikuibonyeza. Nilijisikia nikiulizwa, "Na nani aliyeweka petroli kwenye kidumu hicho?" nami nimevaa koti la kampuni lenye mistari inayong'aa. Nikaitia simu mfukoni nikawasha gari. Niliona aibu, mama yangu akiwa jikoni na jiko la gesi. Castle Vale mpaka Stechford si mbali. Siku ile kulikuwa na taa nyekundu ambazo hazijawahi kuwepo.

Ngazi ya mlango ilikuwa tupu. Palikuwa na duara la unyevu pale kilipokaa.

Nikasukuma mlango, na harufu ikanipiga usoni kama kofi. Mama alikuwa amesimama mbele ya jiko, kanga kiunoni. Mahamri mabichi yamepangwa mezani, safu kwa safu, zote sawasawa kama zimepimwa kwa rula. Karai juu ya jiko. Ndani ya karai, petroli. Kwetu hapiki mtu kwa kuwasha moto chini ya chombo kitupu. Mafuta hutangulia, moto hufuata. Mafuta yalikuwa yametangulia.

"Mama! Usiwashe!"

"Mbona unaingia na viatu?"

"Usiguse jiko, mama. Tafadhali. Toka."

"Siwashi, kwani huoni nafuta? Kidumu chenyewe kinavuja kifunikoni, kimenichafulia jiko lote. Na mafuta yenyewe membamba! Nchi hii hata mafuta yamekonda. Tena macho yananiwasha, sijui ni vitunguu vya nani."

Alikuwa anafuta jiko. Msikie vizuri hapo. Mama yangu hawashi moto kwenye jiko lenye tone. Mnaponiuliza ugonjwa huu wa kufutafuta niliutoa wapi, niliutoa kwake. Alikuwa ameshapitisha kitambaa mara mbili na tone moja likabakia kando ya kitufe. Tone hilo ndilo lililokuwa linanisubiri.

Nikamshika mkono. Akaugeuza kuelekea sinki. "Ngoja basi ninawe, mikono inanata."

"Usifungue maji ya moto!"

Maana boila yetu iko mle mle jikoni, na ukifungua maji ya moto inajiwasha yenyewe. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukaenda zake. Unatambaa sakafuni, unaingia chini ya kabati, unangoja. Sikugusa swichi ya taa. Sikuzima wala kuwasha chochote. Niliacha mlango wazi, nikamtoa mama na unga wake mikononi mpaka upande wa pili wa barabara, na huko, mbali, ndipo nikabonyeza zile namba.

"Wakesho mwanangu," mama akasema, "kuna nini kwenye karai langu?"

"Petroli, mama."

Akaviangalia vidole vyake. Halafu akaketi kwenye ukuta mfupi wa jirani, akaanza kutaja majina ya watoto wa kanisa ambao wangesimama karibu na jiko wakingojea hamri la kwanza, mmoja mmoja, kama anayeita mahudhurio. Wengine ni nyinyi mnaosoma hapa.

Wazima moto walikuja haraka. Walikata gesi na umeme, wakafungua kila dirisha, wakabeba karai na kidumu kwa mikono ya watu wanaobeba kichanga. Chini ya kidumu plastiki ilikuwa imeanza kulegea, na kifuniko kilikuwa kinalia machozi. Barabara nzima ilikuwa nje. Naye Mama Solange, akitoka kwa mzee mmoja kwenda kwa mwingine, akasimamisha gari katikati ya njia na kuruka.

Mzima moto, dada mrefu mwenye sauti ya upole, aliinua kidumu akauliza, "Nani aliweka petroli humu?"

"Ni mimi," Mama Solange akasema. Akaanza kulia. "Ni mimi nilijaza. Yesu wangu. Ni mimi nilikuwa naua mama ya watu."

Na hapa, vijana, niliona mlango wa kutokea. Ulikuwa wazi kabisa. Ilitosha ninyamaze. Ilikuwa kweli kwamba yeye ndiye aliyejaza. Majirani wangesema, "Hawa wageni wapya hawajui," nami ningemshika bega na kumfundisha kwa upole habari za lita kumi na lita ishirini, na koti langu lingebaki safi.

"Si yeye," nikasema. "Mimi ndiye niliyempa petroli kwenye kidumu hicho. Yeye amenirudishia nilichompa."

Yule dada akalitazama koti langu, akasoma maandishi mgongoni na kifuani. Akauliza polepole, "Wewe ndiyo kazi yako hii?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa na chombo halali?"

"Nilikuwa nacho. Sikutaka kichafuke."

Hakunikemea, na nilitamani anikemee. Aliandika, akashusha pumzi. Mama yangu, kutoka ukutani, akasema kwa Kiswahili mbele ya watu wote, "Basi usafi wako ndio ulikuwa unaniua, na usafi wangu ndio umeniokoa. Tuombe Mungu tujue upi ni upi." Mama Solange akacheka katikati ya kilio, nami nikacheka, halafu nikaketi kwenye lami.

Nilipoinuka nilikwenda kwenye gari, nikatoa jerikeni ya kijani na kitambaa chake na mfuko wake. Nikamkabidhi.

"Hii ni ya kwako sasa. Ukiishiwa, ukaijaze kituoni, uiweke chini, ubakishe nafasi juu. Kisha uimimine kwenye tangi la gari lako."

"Hapana, dada, hii yako nzuri hivi! Nitairudisha."

"Ukirudisha," nikamwambia, "rudisha tupu. Bakuli lirudi na maandazi, kikapu kirudi na limau. Chombo cha petroli ni hicho kimoja tu duniani kinachorudi kitupu. Na kifuniko ukikaze, maana hata tupu kina mvuke, nao ndio unaolipuka."

Alinitazama kama niliyemwomba atembee bila viatu kanisani. "Tupu kabisa?"

"Tupu kabisa."

"Watu watasema nimekosa adabu."

"Waje waniulize mimi."

Mlikula mikate ya dukani Jumapili ile na mkalalamika. Hamkuambiwa kwa nini. Sasa mmeambiwa.

Yule mwenye chupa ya maji, sijakukasirikia. Nimekununulia jerikeni ya lita tano, iko hapa kwangu, haijawahi kutiwa kitu. Njoo uichukue, na uichafue.

Ile ya kijani ilirudi baada ya miezi miwili. Nilifungua mlango nikaikuta imesimama juu ya ngazi. Ilikuwa na mikwaruzo mitatu na doa la grisi kwenye mpini. Niliinua: nyepesi, tupu, kifuniko kimekazwa mpaka nilihitaji mikono miwili. Nikaona kwamba hatimaye amenitii.

Kisha nikatazama kando. Hatua tatu kutoka kwenye jerikeni, mbali kwa kipimo cha mtu aliyefikiri sana, palikuwa na bakuli limefunikwa kwa kitambaa cha kitenge. Ndani yake sambaza, dagaa wa kwao Bukavu, wakavu wa kukaangwa, wamejazwa mpaka wanafurika.

Doa la grisi sijalifuta mpaka leo.